Siku Tano Ndani ya Theluji

Wengi wetu tunajua maana ya kufungiwa njia. Masika yakiwa makubwa, mto hujaa, daraja huzama na basi haliji. Duka la kijiji huishiwa chumvi na mafuta ya taa. Mgonjwa hukaa nyumbani, kwa sababu zahanati iko ng'ambo ya pili. Hapo ndipo kila mtu hujua ana nini ndani, na jirani yake ni mtu wa namna gani.

Leo nataka kukueleza habari ya kufungiwa njia katika nchi ya mbali. Huko sikufungiwa na maji ya mto. Nilifungiwa na theluji. Ilikuwa mwaka 1977, katika mji wa Buffalo, nchini Marekani. Nilikuwa kijana nikisoma uhandisi katika chuo kimoja cha huko.

Mimi ni mtu wa Marangu, mkoa wa Kilimanjaro. Theluji niliijua tangu utotoni. Kila asubuhi mawingu yakifunguka, tuliiona juu ya Kibo, nyeupe kama unga wa mahindi. Lakini tuliiona kwa mbali tu. Haikuziba mlango wa mtu. Huko Buffalo niliiona ikiingia mjini na kufunga kila kitu.

MAHALI PENYEWE

Buffalo ni mji ulio kando ya Ziwa Erie, upande wa mashariki. Ziwa hilo ni kubwa. Eneo lake ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya Ziwa Victoria. Upepo wa huko mara nyingi hutoka magharibi. Hupita juu ya ziwa lote, kisha huupiga mji.

Miezi ya Desemba, Januari na Februari ni majira ya baridi kali katika nchi hiyo. Mwaka ule baridi ilizidi desturi. Maji ya juu ya ziwa yaliganda mapema, tarehe 14 Desemba 1976. Ziwa likawa kama uwanja mgumu wa barafu. Tena theluji ilianguka karibu kila siku. Ilirundikana juu ya barafu ile, laini na kavu kama vumbi.

Sasa fikiri, msomaji. Mbuga kubwa imejaa vumbi la kiangazi. Ukija upepo mkali, vumbi lile litakwenda wapi? Litakwenda kwa watu walio upande unakoelekea upepo. Ndivyo ilivyokuwa. Theluji iliyotufungia Buffalo haikutoka yote mawinguni. Nyingi ilitoka juu ya ziwa.

TAIFA ZIMA LILIKUWA NA WASIWASI

Kabla ya dhoruba kufika, watu wa Marekani walikuwa tayari na hofu nyingine. Hofu hiyo ilikuwa juu ya gesi.

Katika mji ule nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi. Gesi hiyo hutoka ardhini, kama ile inayotoka Songosongo na Mtwara katika nchi yetu siku hizi. Husafirishwa katika mabomba marefu yaliyofukiwa chini ya ardhi mpaka majumbani. Chini ya nyumba kuna tanuri. Gesi huwaka humo, na joto hupanda vyumbani. Bila tanuri hilo, mtu hawezi kuishi ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Maji ya bomba huganda na mabomba hupasuka. Watoto na wazee huweza kufa.

Mwaka ule gesi ilipungua. Sababu ya kwanza ilikuwa baridi yenyewe: kila nyumba iliwasha tanuri usiku na mchana. Sababu ya pili ilikuwa mambo ya bei. Serikali kuu iliweka bei ya chini kwa gesi iliyovuka mpaka wa jimbo moja kwenda jingine. Wenye visima waliona afadhali wauze ndani ya majimbo yao, ambako bei ilikuwa nzuri zaidi. Basi majimbo yasiyo na visima yakapungukiwa.

Shule nyingi zilifungwa ili gesi ipelekwe majumbani. Viwanda navyo vilifungwa. Watu kwa malaki walikaa bila kazi kwa muda. Rais Jimmy Carter alikuwa amekula kiapo tarehe 20 Januari 1977. Alikuwa hajamaliza hata wiki mbili madarakani. Mitaani watu waliulizana, "Gesi itatufikisha mwisho wa baridi?" Hiyo ni nchi tajiri, msomaji. Lakini hofu ya kukosa moto nyumbani haijali tajiri wala maskini.

DHORUBA INAFIKA

Siku ya Ijumaa, tarehe 28 Januari 1977, watu walikwenda kazini kama kawaida. Mimi sikuwa na masomo, nikabaki nyumbani. Nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya mbao. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Wazazi wake walihamia huko kutoka Poland. Mimi nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu.

Kabla ya saa sita mchana, mbingu ya magharibi iligeuka nyeupe. Ukuta wa theluji ulitujia kwa kasi. Kwa dakika chache sikuweza kuona nyumba iliyo ng'ambo ya barabara. Upepo ulivuma hadi kilometa 111 kwa saa. Nyumba ilitikisika na mbao zikalia. Baridi ilishuka mpaka digrii 18 chini ya sifuri. Maji huganda kwenye sifuri. Basi hapo unaweza kupima mwenyewe.

Maelfu ya watu walikwama makazini. Walilala juu ya meza za ofisi, madukani, katika vituo vya polisi na vya zima moto. Magari yalisimama barabarani na kufukiwa. Dhoruba iliendelea kwa siku tano, mpaka tarehe 1 Februari. Mara ilipungua kidogo, mara ilirudi kwa nguvu.

Asubuhi ya Jumamosi nilijaribu kufungua mlango wa mbele. Haukusogea. Lundo la theluji lilikuwa limeufunika wote. Nilikwenda mlango wa nyuma, nao vilevile. Katika sehemu nyingine za mji, malundo yalifika kimo cha mita 9. Hicho ni karibu kimo cha watu wazima sita waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Katika bustani ya wanyama ya mji, wanyama watatu wa jamii ya kulungu walitembea juu ya lundo, wakavuka uzio na kuingia mitaani. Uzio ulikuwa mzima kabisa. Theluji tu ndiyo iliyowapandisha juu yake.

CHUPA MOJA YA DAWA

Jambo lililonitia hofu kubwa halikuwa theluji wala gesi. Lilikuwa dawa ya Mama.

Mama alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Kila siku alijichoma sindano ya insulini. Jumamosi ile alinionyesha chupa yake. Akasema, "Mwanangu, dawa hii itanifikisha kesho asubuhi. Ijumaa nilitaka kwenda kununua nyingine, upepo ukanitangulia." Alisema kwa sauti ya utulivu, lakini niliona mikono yake ikitetemeka.

Mtu anayehitaji insulini akiikosa, sukari huzidi katika damu yake. Hupata kiu, hutapika, huishiwa nguvu, na mwisho huweza kuzimia na kufa. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu siku za kawaida. Siku ile hata kufika njiani tu kungeweza kuniua.

Redio ilitusaidia. Ilikuwa ikitangaza usiku na mchana. Ilitaja barabara zilizofungwa, mahali pa kujihifadhi, na nambari za simu za watu wenye shida. Simu yetu ilikuwa bado inafanya kazi. Nilipiga mara nyingi sana, kwa sababu watu wengi walikuwa wakipiga nambari ile ile. Mwisho nilijibiwa. Niliulizwa jina la mtaa, nambari ya nyumba, jina la dawa na kiasi cha dawa kilichobaki. Nikaambiwa, "Wekeni alama juu ya nyumba. Mleta dawa hataona nambari ya mlango."

Tulichukua shuka jekundu la Mama, tukalifunga kwenye mpini mrefu. Nilifungua dirisha la chumba changu cha juu na kuuchomeka mpini katika lundo lililokuwa chini ya dirisha. Shuka likapepea kama bendera.

Jumapili asubuhi Mama alijichoma sindano ya mwisho. Alasiri upepo ulilegea kidogo. Kabla ya giza tulisikia mlio wa injini. Kijana mmoja alikuja juu ya chombo ambacho tunaweza kukiita pikipiki ya theluji. Hakina magurudumu. Mbele kina vibao viwili vya kuteleza, na nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaokisukuma. Katika siku zile watu wengi wenye vyombo hivyo walijitolea kupeleka dawa, kuchukua wagonjwa na kubeba wauguzi.

Kijana alisimama sawa na dirisha la juu, akanipa chupa mbili mkononi. Hakutaka hata chai. Alisema bado ana nyumba sita za kufikia. Sikumjua jina, wala sikumwona tena. Mama alizishika chupa zile kwa mikono miwili, akalia kimya.

TULIVYOISHI NDANI

Jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto wa miezi minne. Mumewe alikuwa amekwama kiwandani. Jirani wa kushoto alikuwa mzee aliyeishi peke yake. Jumamosi alasiri, upepo ulipotulia kwa muda mfupi, tulishirikiana na mzee yule kuchimba njia nyembamba kwa sepetu, kutoka dirisha hadi dirisha. Wote wakaja kwetu. Tulifunga vyumba vingine, tukakaa katika jiko na chumba kimoja. Watu watano, moto mmoja.

Chakula tulikuwa nacho. Mama alikuwa mwanamke kijana katika miaka ya 1930, wakati mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Tangu wakati ule hakuacha kuweka akiba. Chini ya nyumba alikuwa na viazi, vitunguu, maharage makavu, nyanya katika chupa, na kabichi iliyotiwa chumvi ndani ya pipa. Vijana wa mtaani walikuwa wakimcheka. Wiki ile hakuna aliyecheka.

Jumapili usiku zilikuja habari za uvumi. Jirani mmoja alipiga simu akasema gesi itakatwa saa nne usiku, kila mtu apashe nyumba yake sana kabla ya saa hiyo. Mzee wa kushoto aliinuka kwenda kuongeza moto. Mama alimzuia. Alisema, "Gesi ni kama maji katika bomba moja. Tukifungulia wote kwa hofu, tutaimaliza wenyewe, kisha tutasema uvumi ulikuwa kweli." Tukasikiliza redio. Redio haikusema kitu kama hicho, na saa nne ilipita, moto ukaendelea kuwaka.

Hata hivyo mzee hakutulia. Alikuwa na jiko la mkaa la kuchomea nyama nje ya nyumba. Alitaka kulileta ndani, liwe tayari gesi ikikatika. Mama alimkatalia kwa ukali. Alisema kuwa mkaa ukiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na haamki tena.

Maneno yake yalikuwa ya kweli kabisa. Dhoruba ile iliua watu 29. Tisa kati yao walikutwa ndani ya magari yaliyofukiwa. Mtu anapokaa katika gari lililofukiwa na injini inawaka, bomba la moshi likizibwa na theluji, sumu ile ile huingia ndani. Tena redio ilionya watu wenye ugonjwa wa moyo wasichimbe theluji, maana kazi ile ni nzito na baridi huuchosha moyo zaidi.

NENO LA RAIS

Dhoruba ilikwisha Jumanne, tarehe 1 Februari. Lakini hatukuweza kutoka mara moja. Barabara zilikuwa zimejaa theluji ngumu na magari yaliyofukiwa. Magari ya watu binafsi yalikatazwa. Askari waliletwa na mashine kubwa za kuchimbua.

Jumatano usiku, tarehe 2 Februari, Rais Carter alizungumza na taifa. Tulikuwa wote mbele ya televisheni ya Mama. Rais alikaa karibu na moto, amevaa sweta kama mtu aliye nyumbani kwake. Aliwataka wananchi wapunguze joto la nyumba: digrii 18 mchana, digrii 13 usiku. Siku hiyo hiyo alitia sahihi sheria ya dharura ya kuwezesha gesi kupelekwa mahali penye shida zaidi.

Mtoto alikuwa amelala. Mama yake aliuliza kama digrii 13 haitamdhuru. Tukakubaliana kwamba mtoto na Mama walale karibu na jiko, na sisi wengine tuvae makoti kitandani. Tukapunguza moto usiku ule. Hakuna askari aliyekuja kutupima. Tulijua kwamba kiasi tulichoacha sisi kitapasha nyumba nyingine.

Jumamosi, tarehe 5 Februari, serikali kuu ilitangaza sehemu yetu kuwa eneo la maafa makubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Marekani kutangaza hivyo kwa sababu ya theluji. Siku hiyo hiyo, huku nyumbani Tanzania, TANU na Afro-Shirazi viliungana na Chama cha Mapinduzi kikazaliwa. Mimi sikujua. Barua ya kaka yangu iliyonieleza habari hizo ilinifikia baada ya wiki nyingi.

Mume wa jirani yetu alifika Alhamisi kwa miguu, ndevu zimeota na uso umepasuka kwa baridi. Alimchukua mtoto wake mikononi, akakaa kitako sakafuni bila kusema neno.

MAFUNZO

Ndugu msomaji, hapa kwetu hatuna dhoruba ya theluji. Lakini tuna mafuriko, tuna ukame, tuna maradhi yanayofunga njia. Mambo haya yanaweza kutufaa:

1. Weka akiba ya chakula kikavu nyumbani kabla ya masika. Hifadhi mahali pakavu, pasipo na panya.

2. Kama nyumbani kuna mgonjwa anayetumia dawa kila siku, kachukue dawa nyingine kabla ile ya kwanza haijakaribia kwisha. Usingoje chupa ya mwisho.

3. Usilale na jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Baridi ya Njombe, Makete au Lushoto isikudanganye. Jiota moto, kisha toa jiko nje kabla ya kulala.

4. Ukisikia uvumi, uliza. Sikiliza redio, au mwulize kiongozi wa kijiji. Hofu ya watu wengi humaliza haraka kitu ambacho kingewatosha wote.

5. Mjue jirani yako kabla ya shida. Ujue nani ni mzee, nani ni mgonjwa, nani ana mtoto mchanga. Siku njia ikifungwa, utajua pa kwenda kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

Katika kijiji chenu, ni njia gani hufungwa wakati wa mvua? Nani katika kijiji hutumia dawa kila siku? Njia ikifungwa kwa siku tano, dawa hiyo itamfikiaje? Jadilianeni katika darasa lenu au katika mkutano wa kitongoji, muandike majina ya watu watakaoshughulikia jambo hilo kabla mvua hazijaanza.